Kusomea udaktari wa farasi na punda Nairobi: maswali tunayoulizwa kila semista

Haya maswali yanatoka kwa wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, kwa wazazi wao, kwa masaisi (watunza farasi) wa Ngong Road na kwa watu wenye punda huko Limuru, Kikuyu na Wangige. Mimi nafundisha uzazi wa farasi na punda, kwa hivyo majibu mengi hapa yanaelemea upande huo, ya kwato na meno nimeyagusa kidogo tu.

Kwani Kenya iko na farasi wangapi hadi mtu asomee kuwatibu?

Farasi si wengi, hiyo ni kweli, lakini wako na wanahitaji daktari anayewajua. Hapa Nairobi kuna uwanja wa mbio wa Ngong, kuna polo pale Jamhuri, kuna shule za kupanda farasi Karen na Lang'ata, kuna farasi wa polisi, na ukitoka nje ya mji kuna mashamba yenye farasi Naivasha, Nanyuki na Laikipia. Sasa ongeza punda uone hesabu inavyobadilika. Sensa ya 2019 ilihesabu punda kama milioni 1.2 nchini, na hao ndio wanabeba maji, kuni, mchele wa Mwea, majani ya ng'ombe, mchanga wa kujenga. Punda akilala mgonjwa wiki moja kuna nyumba haina maji na kuna mtoto ametumwa mtoni asubuhi badala ya kwenda shule. Mimi nikiulizwa mgonjwa wetu mkubwa ni nani kwa hii kozi nasema ni punda, na farasi anafuata.

Lakini vitabu vyote ni vya farasi, punda si ni farasi mdogo tu?

Hapana, na hapa huwa nakaza sauti darasani. Mwili wa punda una mambo yake. Dawa ya maumivu kama fenilbutazoni inatoka mwilini mwa punda haraka kuliko kwa farasi, kwa hivyo ukimpa kwa masaa ya farasi anabaki na maumivu katikati na wewe unaandika kwa fomu kwamba umemtibu. Baghala, mtoto wa punda na farasi, naye anahitaji dawa ya kutuliza nyingi kuliko farasi wa uzito ule ule, la sivyo anakuangalia tu.

Kuna hili la kuacha kula pia. Punda aliyenona, hasa jike mwenye mimba, akikosa kula siku moja mbili mafuta yanaanza kuyeyuka kutoka mwilini na kujaa kwa damu hadi ini linashindwa, na anaweza kufa na hilo hata kama kilichomfanya asile kilikuwa kidogo kama jino. Halafu punda haonyeshi uchungu vile farasi huonyesha. Farasi mwenye msokoto wa tumbo anajigaragaza, anapiga tumbo teke, anatoka jasho, mtu yeyote anaona. Punda mwenye msokoto ule ule anasimama tu ameinamisha kichwa na hataki kula. Mwanafunzi aliyefundishwa farasi peke yake atasema huyu yuko sawa amechoka tu, na kesho yake amekufa.

Nasomea wapi na inachukua miaka mingapi?

Digrii ya udaktari wa mifugo iko Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete, na pia Egerton. Ya Nairobi ni miaka mitano. Hakuna digrii ya farasi peke yake, unasoma wanyama wote kwanza, ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa, nguruwe, ndio baadaye unaamua kuzamia, na kuzamia kwa farasi mara nyingi kunamaanisha kufanya kazi chini ya daktari mwenye uzoefu miaka kadhaa ama kwenda kusoma nje. Ukimaliza lazima uandikishwe na Kenya Veterinary Board ndio uruhusiwe kutibu. Kama gredi hazikufika, kuna diploma na cheti cha afya ya mifugo pale AHITI Kabete, na nimeona wenye diploma wakishika punda vizuri kuliko wenye digrii, tena wengi.

Lazima nijue kupanda farasi?

Hapana. Lazima ujue kumsogelea, kumvalisha kamba ya kichwa, kumwongoza ukiwa bega lake la kushoto na kusoma masikio yake. Masikio yakilala nyuma na mkia ukianza kupigapiga unasogea pembeni, haungoji kuthibitisha. Haya yote masaisi wanayajua na huwa nawaambia wanafunzi wafike mapema wawasalimie, wawaulize jina la farasi na tabia zake, juu saisi ndiye anamjua yule mnyama kila siku na atakuambia kitu hakiko kwa faili.

Daktari, mbona kwa ng'ombe tunaingiza mkono wote darasa zima lakini kwa farasi mnatupa nafasi kidogo hivyo?

Hili ndilo swali la kila mwaka na najua linauma, manake mwanafunzi analipa karo sawa na anataka kushika. Lakini sikilizeni vizuri.

Mkono unaingia kwa njia ya haja kubwa, na kupitia ukuta wa utumbo ndio unapapasa uterasi na ovari. Ng'ombe utumbo wake wa nyuma ni mgumu kiasi, unaweza kumpapasa, ukakosea kidogo, akakusamehe. Farasi hasamehi hivyo. Akikaza kukusukuma nje na wewe unalazimisha mkono, ukuta wa utumbo unaweza kupasuka, na pasuko likipita tabaka zote mavi yanamwagika ndani ya tumbo na huyo farasi kwa kawaida hufa. Tunapima pasuko kwa daraja nne, ya kwanza ni ngozi ya ndani tu imechanika na mara nyingi inapona kwa matibabu, ya nne ndio hiyo ya kumwagika. Tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa sekunde moja ya mwanafunzi kuwa na haraka.

Kwa hivyo tunafanya hivi: farasi anaingia krashi (kizimba chembamba cha kumshikilia), saisi anashika kichwa, mkia unafungwa pembeni, glavu ndefu, mafuta ya kulainisha mengi kuliko unavyodhani yanatosha, unatoa mavi yote kwanza pole pole, kisha ndio unaanza kutafuta viungo. Utumbo ukikaza mkono wako unasimama ama unarudi nyuma nao, hausukumi. Akiwa ni wa kukaza sana anapewa Buscopan ya kulegeza utumbo ama dawa ya kutuliza. Ukitoa mkono unaangalia glavu, na ukiona damu unasema hapo hapo kwa sauti, hata kama ni tone, hata kama unaogopa utafelishwa. Mwanafunzi aliyesema "daktari nimeona damu" sijawahi kumfelisha kwa sababu hiyo, juu tukijua mapema tunaweza kumwokoa, na aliyenyamaza ndiye anayeua.

Ndio maana farasi mmoja kwa siku anashikwa na wanafunzi wachache halafu anapumzishwa. Zile nafasi zinazobaki tunazijaza na mifano ya mpira na viungo vya kichinjioni. Uterasi za ng'ombe za Dagoretti zinasaidia kuzoesha vidole, ingawa lazima nikukumbushe kila mara kwamba ovari ya farasi haifanani na ya ng'ombe.

Haifanani vipi?

Ovari ya farasi ni kubwa, ina umbo la haragwe, na ina mbonyeo mmoja upande wa ndani ambapo mayai yote hutokea. Ng'ombe huachia yai kutoka karibu popote juu ya ovari yake, farasi anatoa kwa hapo mahali pamoja tu. Kwa hivyo ile hali ya kupapasa ukitafuta kinundu kinachochomoza nje baada ya yai kutoka, kama ulivyofundishwa kwa ng'ombe, haikusaidii kwa farasi.

Folikoli, kile kifuko cha yai, nayo inakua hadi saizi ya kushangaza. Ikikaribia kupasuka iko kama milimita 35 hadi 45, na kuna farasi wanazidi hapo, inakua karibu milimita 3 kwa siku akiwa kwa joto, yaani yuko tayari kupandwa. Kwa vidole unasikia inaanza kulainika, kwa skani unaona imeacha kuwa duara, inachongoka ikielekea kwa huo mbonyeo. Uterasi pia inakuongelesha: akiwa kwa joto inakuwa laini, imelegea, na skanini mikunjo yake inaonekana kama chungwa lililokatwa kati. Siku chache baada ya yai kutoka inaanza kukaza, na akishika mimba inakaza zaidi kama bomba.

Skani si imemaliza haja ya mkono?

Mkono ndio unabeba ile probu, kile kipande cha skani kinachoingia ndani, hadi mahali pake, kwa hivyo hauna njia ya kuukwepa. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 1980 kwamba mimba ya farasi inaonekana kwa altrasaundi na hiyo kazi ikabadilika kabisa, kabla ya hapo watu walikuwa wanangoja wiki kadhaa zaidi ndio waseme ana mimba kwa uhakika. Lakini mashine inaharibika, stima inapotea, na ukiwa kwa mwenye punda Kajiado hauna mashine, uko na mkono tu. Jifunze vyote viwili.

Vitabu vinasema farasi hupata joto majira ya mwangaza mrefu. Sisi tuko ikweta, tufuate nini?

Swali zuri sana hili. Farasi jike anaongozwa na mwanga: siku zikirefuka ubongo unapunguza melatonini ya usiku na homoni za uzazi zinaamka. Ulaya na Marekani farasi wengi wanalala upande wa uzazi msimu wa baridi, na wafugaji huwawashia taa kuanzia mwezi wa kumi na mbili wapate masaa kama 16 ya mwanga kwa siku, ndani ya miezi miwili hivi wanaanza kurudi kwa mzunguko.

Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini ya ikweta, mchana wetu wa Juni na wa Desemba unatofautiana kwa dakika chache tu. Kwa hivyo farasi wa hapa anaweza kuzunguka mwaka mzima, na zile sura ndefu za taa na kipindi cha mpito unazisoma ili ujibu mtihani na ili ukienda kufanya kazi nje usipotee. Hapa kwetu mimi huwa nauliza kwanza hali ya mwili, chakula na minyoo. Punda jike aliyekonda mbavu zote nje, anabeba mitungi kutoka saa kumi na moja asubuhi, hawezi kuwa na mzunguko mzuri hata umpe homoni gani. Mlishe, mpumzishe, mtoe minyoo, urudi baada ya miezi miwili.

Joto linakaa siku ngapi?

Mzunguko wa farasi ni kama siku 21, joto lenyewe siku 5 hadi 7, na yai linatoka siku moja ama mbili kabla joto liishe. Punda mzunguko wake ni mrefu kidogo, kama siku 23 ama 24. Dalili za farasi kwa joto: anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo, anafungua na kufunga uke mbele ya dume. Punda jike anafanya kitu kingine kabisa, anafungua na kufunga mdomo kama anatafuna hewa huku shingo ameinyoosha na masikio yamelala. Mwenye punda akikuambia "huyu anatafunatafuna na hakuna nyasi mdomoni", usikimbilie meno, uliza kama kuna dume karibu.

Kwa nini mnasisitiza skani siku ya 14 hadi 16? Si mimba itaonekana tu baadaye?

Kwa sababu ya mapacha. Kondo la nyuma la farasi linashika ukuta wote wa uterasi, na mtoto mmoja anahitaji huo ukuta mzima. Wakiwa wawili wanagawana na hakuna anayetosheka, mara nyingi wote wanatoka mimba ikiwa na miezi mingi tayari, kama ya saba hadi ya tisa, na wakizaliwa hai huwa dhaifu, na mama mwenyewe anaweza kuumia vibaya.

Sasa uzuri ni kwamba kiini cha farasi, yaani mimba ikiwa changa kabisa, hakitulii mapema. Kinatembea ndani ya uterasi kutoka pembe hii hadi ile, hadi karibu siku ya 16 ndio kinasimama mahali pamoja. Kutembea huko ndiko kunamwambia mama yuko na mimba asirudi kwa joto. Na ndiko kunatupa sisi nafasi: ukipata viwili siku ya 14 ama 15 unaweza kukitenga kimoja na kukibana kwa vidole ama kwa probu, kile kingine kinaendelea vizuri. Ukichelewa hadi vimekaa pamoja pembe moja kazi inakuwa ngumu. Baada ya siku ya 36 hivi kuna vikombe vinaota kwa ukuta wa uterasi, vinatoa homoni yake, na hapo hata ukitoa mimba jike hatarudi kwa joto la maana hadi vife, ambayo inaweza kuchukua hadi siku ya 120 hivi. Mwenye farasi amepoteza msimu wote. Ndio nakuambia nenda siku ya 14, rudi siku ya 16, halafu karibu siku ya 25 uangalie moyo unapiga.

Kupandishia kwa mrija kwa farasi kunafanyika Kenya kama kwa ng'ombe?

Kwa ng'ombe tumezoea, pale Kabete mbegu za fahali zimekuwa zikivunwa tangu 1946 na kila kijiji kinajua mtu wa A.I. Farasi ni habari nyingine. Kwanza, farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred haruhusiwi kabisa kuandikishwa kama alipatikana kwa mrija, duniani kote lazima dume ampande jike mwenyewe. Kwa hivyo kwa farasi wa mbio unafundishwa kusimamia kupandana: jike amefungwa mkia, ameoshwa, dume ameoshwa, watu wamesimama upande mmoja, kila mtu anajua ataenda wapi mambo yakiharibika. Farasi wa polo na wa kuruka hawana hiyo sheria.

Pili, mbegu za dume wa farasi zinatofautiana sana mmoja hadi mwingine kwa kuvumilia baridi. Ikiwa mbichi tunalenga kama milioni 500 zinazokwenda mbele vizuri kwa dozi, ikipozwa hadi digrii 5 ndani ya dawa yenye maziwa inakaa siku moja ama mbili, na ikigandishwa kwa naitrojeni ya maji digrii 196 chini ya sifuri inakaa miaka, lakini ikiyeyushwa maisha yake ni mafupi, inabidi uingize karibu kabisa na wakati yai linatoka. Hapo ndio utapiga skani kila masaa sita usiku kucha. Mwanafunzi anayeniuliza kama kuna kazi ya ofisi kwa hii taaluma namwambia mapema.

Kuvuna mbegu tunafundisha kwa uke bandia wenye maji moto, joto lake liwe kama digrii 45. Dume wa punda anahitaji subira, anaweza kuchukua nusu saa na zaidi kabla awe tayari, anamsogelea jike, anaondoka, anasimama mbali, anarudi. Usimchape. Usimharakishe. Huyo ndio mwendo wake, na mwanafunzi aliye na haraka ya kwenda lanchi huwa anaharibu zoezi la wenzake wote.

Mama mmoja wa Kikuyu anauliza: punda wangu alipandwa, sasa ni miezi kumi na miwili na hajazaa, daktari nifanye nini?

Mama, usiogope bado. Farasi hubeba kama siku 340, punda hubeba mwaka mzima na kidogo, na wengine wanafika miezi kumi na tatu hata kumi na nne na wanazaa mtoto mzima. Angalia kama anakula, kama ana nguvu, kama kiwele kimeanza kujaa na kama kuna kitu cha nta kwa ncha za chuchu. Mpunguzie mzigo kabisa sasa, asivute mkokoteni. Kama hataki kula, ama anatoka uchafu wenye harufu, ama amelala na kuamka bila kutulia, hapo piga simu leo, usingoje kesho.

Na tafadhali mtu asimchome sindano ya kuharakisha uchungu. Kwa ng'ombe watu wamezoea, kwa farasi na punda mtoto akitolewa kabla hajakomaa hawezi kuishi hata umlishe namna gani.

Akianza kuzaa ni muda gani wa kungoja kabla ya kusaidia?

Hapa dakika zina maana. Maji yakishapasuka mtoto anatakiwa kuwa nje ndani ya dakika 20 hadi 30. Ng'ombe unaweza kumpa masaa, farasi hapana. Kinachotangulia ni utando mweupe, ndani yake miguu miwili ya mbele, mmoja mbele kidogo ya mwingine, na pua juu yake. Ukiona kitu chekundu kama kitambaa cha mahameli kinatoka kwanza, hiyo ni kondo limeachana kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa, likate hapo hapo umtoe mtoto, usingoje daktari afike. Hili nawafundisha hata masaisi na walinzi wa usiku, manake farasi wengi wanazaa usiku na daktari yuko kwa jam ya Ngong Road.

Baada ya hapo kumbuka moja, mbili, tatu: ndani ya saa moja mtoto asimame, ndani ya saa mbili awe ananyonya, ndani ya saa tatu kondo liwe limetoka lote. Litandaze chini, ulihesabu pembe zote mbili. Kipande kidogo kikibaki ndani ya farasi kinaleta sumu, na sumu inashuka hadi kwa kwato, unakuta farasi aliyezaa salama ameshindwa kutembea wiki hiyo hiyo.

Dang'a ni lazima. Mtoto wa farasi anazaliwa bila kinga yoyote kutoka kwa mama, kondo lao halipitishi, kinga yote iko kwa yale maziwa ya kwanza na utumbo unafunga mlango kwa hiyo kinga ndani ya siku moja. Masaa sita ya kwanza ndiyo bora. Nimewaona watu wakikamua dang'a wakamwaga ati ni chafu. Acheni, tafadhali.

Baghala anaweza kuzaa? Na punda akipandana na pundamilia?

Farasi ana kromosomu 64, punda 62, baghala anabaki na 63, idadi isiyogawanyika vizuri, kwa hivyo karibu wote hawazai. Jike wa baghala anapata joto lakini, na anaweza kubeba mimba akiwekewa kiini cha mwingine. Pundamilia wa kawaida ana 44 na yule wa Grevy ana 46, na bado punda na pundamilia wanaweza kupata mtoto huko mbugani ambapo mifugo na wanyamapori wanakutana.

Hili si jambo la kujifurahisha tu. Pundamilia wa Grevy wako hatarini na wengi wa waliobaki duniani wako kaskazini mwa Kenya, Samburu, Laikipia, Marsabit. Mwaka 1984 huko Louisville, Marekani, farasi alizaa mtoto wa pundamilia aliyewekewa kama kiini. Mwanafunzi wa Kabete anayejua uzazi wa farasi kwa undani yuko karibu na huyu mnyama kuliko mtu yeyote wa ng'ambo, na ningependa sana kuona mmoja wenu akienda hiyo njia.

Ugonjwa gani lazima niujue kabla sijafika mtihani?

Homa ya farasi ya Afrika, ile kali. Virusi vyake viko aina 9, vinabebwa na wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, mvua ikinyesha wanaongezeka. Ile ya mapafu inaua hadi asilimia 95 ya farasi wanaoipata, unamwona asubuhi anakula, jioni povu linatoka puani. Punda na pundamilia huipata bila kuonyesha mengi. Chanjo, farasi ndani ya banda kabla jua lizame, nyavu na dawa ya kufukuza wadudu, hayo uyaseme hata ukiamshwa usiku wa manane. Pepopunda na kichaa cha mbwa pia, punda wanapata vyote viwili, na cha pili kinaweza kukuua wewe uliyeingiza mkono mdomoni kuangalia meno.

Mimi ni msichana na ni mdogo wa mwili, nitaweza?

Utaweza. Mkono mwembamba ni faida kubwa kwa punda, manake utumbo wake ni mwembamba kuliko wa farasi na mkono mnene haufai kuingia kwa punda mdogo hata kidogo. Kati ya wanafunzi wenye vidole vizuri kabisa niliowahi kufundisha, wengi ni wasichana.

Kwa nini darasa la uzazi linaongea habari ya ngozi za punda?

Kwa sababu ni hesabu ya uzazi. Sensa ya 2009 ilipata punda kama milioni 1.8, ya 2019 ikapata milioni 1.2. Katikati hapo vilifunguliwa vichinjio vya punda, nyama na ngozi zikaenda nje, ngozi inachemshwa kupata gundi ya dawa ya Kichina inayoitwa ejiao. Wizi ukazidi, mtu analala na punda anaamka na kichwa na kwato kichakani. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji 2020, kesi ikaenda kortini, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi bara zima kwa miaka 15.

Sasa chukua unachojua: punda anabeba mwaka mmoja, anazaa mmoja, ananyonyesha miezi, mtoto anachukua miaka miwili ama zaidi kabla naye azae. Mbuzi ukichinja nusu ya kundi unaweza kurudisha haraka. Punda hapana. Wakati wowote mtu akikuambia tutawafuga kwa wingi tujazie wanaochinjwa, muulize ana jike wangapi, mimba inachukua muda gani, na wangapi wanafika umri wa kuzaa, kisha umwachie kalamu afanye hesabu mwenyewe.

Mtihani wa vitendo mnaangalia nini?

Naanza kukupa alama kabla hujagusa mnyama. Ulivyoingia, ulivyosalimia saisi, kama umeuliza historia, kama umeangalia krashi iko imara. Kisha mkono wako. Halafu nitakuuliza umeshika nini, na jibu la "sijaipata ovari ya kushoto, naomba kutoa mkono kwanza juu anakaza" lina alama nyingi kuliko jibu la kubahatisha.

Nina punda mtulivu Wangige, naweza kumleta wanafunzi wajifunzie?

Ndio mzee, na asante. Njoo naye asubuhi kabla hajafanya kazi, akiwa amekunywa maji na kula, umlete na mwenzake kama anao, punda akitengwa na rafiki yake anaacha kula na hilo peke yake linaweza kumwangusha. Tutamwangalia meno na kwato, tutampa dawa ya minyoo, na kama ni jike tutakuambia kama ana mimba. Mwanafunzi mmoja ama wawili tu ndio watamshika ndani siku hiyo. Na ukiona amechoka, wewe ndiye unasema basi inatosha, hata kama bado kuna mwanafunzi kwa foleni.